Mwanya wa Mita Ishirini na Sita

Siku tatu baada ya kufungwa nne kwa moja nyumbani na wale wa Andijan, Haji Qobil alituita kwenye pilau. Haji ndiye mwenyekiti wa klabu yetu, Tutzor ya Margilon, na kwake jambo zito halijadiliwi ofisini, linajadiliwa juu ya sinia. Kocha aliyepita aliajiriwa kwenye pilau na akafukuzwa kwenye pilau. Kwa hiyo Alhamisi ile, harufu ya karoti na mafuta ya kondoo ilipoanza kutoka jikoni saa nne asubuhi, kambini kila mtu alijua kuna mwenzetu ataliwa pamoja na nyama.

Mechi kumi na tatu, magoli ishirini na tisa. Mbele tulikuwa tunafunga vizuri tu. Nyuma ndiko kulikokuwa na aibu. Hata katika soko la Kumtepa wauza matikiti walinisimamisha. "Dada Zulhumor, lango lenu lina mlango kweli, au mmetundika pazia?" Nikacheka nao, nikanunua tikiti, nikaondoka nimenuna.

Mimi ni beki. Nilicheza beki wa kati miaka kumi na moja, sita kati ya hiyo kwenye timu ya taifa ya wanawake, mpaka goti la kushoto lilipokataa kazi. Sasa nina miaka thelathini na nne, na klabu imeniajiri kukata video za mechi katika chumba kidogo nyuma ya kufulia jezi. Watu wengine wakitazama goli wanatazama aliyefunga. Mimi macho yangu yanarudi nyuma sekunde nane, kumi, kumtafuta aliyesimama pabaya.

Na nilikuwa nimeshampata tangu mwezi wa nne. Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu, lakini haikuwa sababu nzuri, na nitaisema inapofika zamu yake.

Mezani tulikuwa wanne. Haji alikaa juu, tumbo mbele, viatu vyake vya ngozi vyenye ncha vimeng'arishwa kama kioo. Kulia kwake Kocha Ergash, mtu wa maneno machache na mikunjo mingi usoni. Kushoto Sobir, mwalimu wa makipa, mwembamba, mwepesi wa hasira, mtu ambaye ukimsema vibaya kipa wake ni kama umemtukana mama yake. Mimi niliwekwa mwisho wa meza, karibu na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Wachezaji walikuwa na mapumziko ya siku chache, ligi ndiyo kwanza imesimama kwa wiki tatu kwa sababu ya joto, na dirisha la usajili lilikuwa wazi.

Haji alimega mkate, akatugawia, akatoa simu mfukoni.

"Dawa nimeshaipata," alisema. "Mtazameni huyu. Mita moja na sentimita tisini na nane. Akisimama kwenye kumi na nane, kivuli chake tu kinakaba watu wawili."

Sobir alichungulia simu. "Nguzo ya umeme nayo ni ndefu, Haji. Mbona hatujaisajili?"

"Wewe una nini cha maana?"

"Mabeki watano. Tuongeze mtu mmoja nyuma, tuzibe kila tundu, kipa wangu apumue. Maskini wa Mungu anapigiwa mashuti kama yuko kwenye kituo cha polisi anahojiwa."

"Watano nyuma!" Kocha Ergash aliweka kijiko chini. "Halafu mbele nimpange nani, Sobir? Shangazi yako?"

"Shangazi yangu hawezi kufunga magoli machache kuliko winga wako wa kushoto."

"Tatizo si idadi wala urefu," alisema kocha. "Tatizo ni pumzi. Dakika za mwisho wanalala. Nitawakimbiza."

"Unawakimbiza tangu mwezi wa tatu," Haji alimjibu. "Tumeshapata wanariadha. Mimi nataka mabeki."

Waliendelea hivyo mpaka sinia likafika nusu. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mimi nilikula taratibu. Nilijua wataniita niwashe mashine wamtazame yule mrefu ukutani, na nilijua wakiniita nitasema.

"Binti, tuwashie," alisema Haji.

"Nitawasha, Haji. Lakini kabla hujamleta mtu kutoka mbali, naomba niulize. Tumefungwa magoli mangapi ya kichwa?"

Wakatazamana.

"Mengi," alisema Haji.

"Matatu. Penalti mbili. Moja kipa alijikwaa."

"Uwanja ulikuwa umelowa!" alifoka Sobir.

"Ulikuwa umelowa, kaka Sobir, sina ugomvi na wewe. Sita ni mashambulizi ya haraka ambayo timu yoyote hufungwa. Yanabaki kumi na saba. Kumi na saba, yote yamepita mahali pamoja. Huyu mrefu ukimleta leo, atakuokolea yale matatu."

Haji alichukua birika, akanimiminia chai. Akajaza bakuli hadi ukingoni. Kwetu mgeni humiminiwa kidogo kidogo, ili aendelee kukaa na kuongezewa. Bakuli likijazwa, unaambiwa kunywa uende zako. Nikalishika kwa mikono miwili lisimwagike, nikanywa lote hapo hapo, chai inaunguza, nikalirudisha mbele yake.

"Asante, Haji. Nipe robo saa uwanjani. Ukiona nimekupotezea muda, nitapaki vitu vyangu mwenyewe."

Sobir alicheka kwa pua. Kocha Ergash, ambaye miezi saba hakuwahi kuniuliza chochote zaidi ya saa, aliinuka kwanza. "Twende," alisema. "Hata hivyo pilau limenishinda."

Nje jua lilikuwa kali, miforosadi ya uwanjani imesimama bila jani kutikisika. Nilichukua tepu ya kupimia uwanja na mpira mmoja. Nikampanga Haji beki wa kati wa kushoto, Sobir wa kulia, nikawasimamisha pale hasa mabeki wetu walipokuwa wamesimama goli la pili la Andijan. Kocha Ergash nikampeleka mbele yao, alipokuwa kiungo mkabaji wetu. Nikapima.

"Mita ishirini na sita," nikasema. "Kutoka kwa kiungo mpaka kwa mabeki. Hapa katikati unaweza kufanya harusi ukaalika mtaa mzima. Sasa mimi ni mshambuliaji wao, niko hapa katikati, peke yangu. Haji, njoo uninyang'anye mpira."

"Mimi?"

"Wewe ndiye beki."

Haji alitazama kama kuna mtu anamwona, akavuta suruali juu, akaja mbio. Nikamsubiri afike hatua mbili, nikausukuma mpira upande aliotoka. Ukaenda taratibu kabisa mpaka kwenye nyavu.

"Sikuwa tayari," alisema.

"Turudie."

Mara ya pili alikuwa mjanja, hakutoka. Akabaki mahali pake, amekunja magoti, mikono imetanda. Mimi nikasogea, nikasogea, hakuna anayenigusa, nikapiga. Goti lilinikumbusha miaka yote kumi na moja, lakini mpira ukaingia kona ya juu.

"Ukitoka nakupita, usipotoka napiga," nikamwambia. "Beki gani duniani atashinda hapo? Hata huyo wako wa mita mbili, ukimweka hapa, atafungwa akiwa mrefu."

Sobir alikuwa ameacha kucheka. "Tena," alisema Haji, jasho linamtiririka.

Safari hii nikawaambia wapande wote wawili, mita kumi na tano mbele, wamkaribie kocha. Nikaingia katikati yao na mpira. Nilipougusa tu mara ya pili, kocha yuko mgongoni, Sobir yuko ubavuni, na Haji Qobil, mwenyekiti, babu wa wajukuu tisa, akanyoosha kile kiatu chenye ncha na kuutoa mpira miguuni kwangu. Alipiga kelele kama amechukua kombe. Alimkumbatia Sobir. Walikuwa hawajakumbatiana tangu mwaka juzi.

"Na wakitupigia mpira mrefu nyuma yetu?" aliuliza kocha. Lilikuwa swali la mtu anayejua kazi.

"Ndiyo hatari yake. Hapo kipa lazima atoke, asimame mbali na mstari, awe kama beki wa mwisho. Kipa wetu ana miguu mizuri, ila hakuna anayemruhusu kuitumia."

Sobir akavuta masharubu. "Hilo mimi nimelisema siku nyingi," alisema, ingawa hakuwahi kulisema.

Haji alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. Ndipo akauliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mwezi wa nne.

"Lakini binti, safu hairudi nyuma yenyewe. Nani anairudisha?"

Sasa ile sababu yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mtaani kwetu hakuna aliyetaka kucheza na msichana. Tulqin, jirani yetu, alikuwa na miaka kumi na minne, na tayari alikuwa akisemwa kwamba atafika mbali. Ndiye aliyenichukua akanipeleka kwenye ukuta wa kiwanda cha hariri, akanifundisha kupiga kichwa macho yakiwa wazi. Mwaka mzima, kila siku baada ya shule. Vijana wakimcheka, anawajibu, "Mtacheka vizuri siku akiwafungia njia." Huyo Tulqin ndiye nahodha wa Tutzor. Miaka kumi na sita na jezi moja. Margilon hakuna duka la vinyozi lisilo na picha yake.

"Nahodha," nikasema. "Akimwona mshambuliaji mwenye mbio, anainua mkono wa kulia na kurudi. Wenzake watatu wanamtii, wanarudi naye. Magoli kumi na saba, mkono umeinuka mara kumi na tano."

Kocha Ergash aliinua macho. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Tulqin alikuwa amesimama kwenye mlango wa kuingilia uwanjani, na barafu imefungwa kwenye kifundo cha mguu. Alikuja kutibiwa, hakuna aliyemwambia kuna kikao.

"Endelea, Zulhumor," alisema. "Waambie kwa nini."

Ningeweza kutafuta maneno ya kuzunguka. Lakini yeye mwenyewe hakunifundisha kufumba macho.

"Kwa sababu unaogopa mpira wa nyuma yako, kaka. Mbio zimepungua. Kwa hiyo unaanza kukimbia kabla hujakimbizwa."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. "Kumbe umejua siku nyingi."

"Tangu mwezi wa nne."

"Na nyumba yetu unaijua. Mlango wa pili kutoka kwa mama yako." Akatazama wale watatu, kisha mimi. "Ungekuja kwangu kwanza."

Akageuka, akaondoka akichechemea. Mambo yote niliyosema siku ile yalikuwa ya kweli, na ningeyasema tena mbele ya timu yoyote. Lakini kwa lile moja alikuwa na haki.

Saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, nikabisha kwao. Alinifungulia mkewe, Mavluda, mikono ina unga.

"Yuko uani," alinong'ona. "Hajala. Mtu asiyekula pilau Alhamisi, mimi simtambui."

Tulqin alikuwa amekaa kwenye kitanda cha uani chini ya mizabibu. Hakuniangalia.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Kwa kutokuja kwako kwanza, ndiyo. Nilikosea, naomba radhi. Kwa nilichosema, hapana."

Mdomo ukamchezacheza. "Kiburi hicho nilikufundisha mimi?"

"Wewe na ukuta."

Nikafungua kompyuta juu ya kitanda, katikati ya mito. Nikamwonyesha magoli yote ishirini na tisa, moja baada ya jingine, bila neno. Mavluda alileta aprikoti kavu na lozi, akakaa pembeni kuondoa mawe kwenye mchele. Goli la sita alianza kuinua kichwa. Goli la tisa akasema, "Mkono huo." La kumi na moja, "Mkono tena." La kumi na nne akaweka sinia chini kabisa. "Tulqin! Wewe unacheza mpira au unasimamisha teksi?"

Ndipo Tulqin alipocheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, na nadhani si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

"Unamkumbuka yule kijana wa Tashkent, mwaka jana?" aliniuliza. "Aliyenipita kama nimesimama? Uwanja mzima ulicheka. Uwanja wetu, Zulhumor, watu wetu. Tangu siku ile mkono unainuka wenyewe."

"Najua."

"Sasa safu ikipanda, mimi siwezi. Semeni ukweli. Atacheza nani, Doniyor?"

Doniyor alikuwa na miaka ishirini, anakimbia kama amechomwa na kitu, na katika mechi zote alizocheza sikuwahi kumsikia akitoa sauti.

"Doniyor," nikasema.

"Mbio anazo. Mdomo hana. Safu haipandi kwa miguu, inapanda kwa sauti. Mtu mmoja akichelewa kusikia, umekwisha." Alichukua lozi, akaivunja kwa meno. "Nipe wiki tatu nimfungue mdomo. Na mimi mwenyewe mnaniweka wapi? Kwenye picha ya kinyozi?"

"Dakika ishirini za mwisho. Tukiwa tunaongoza, wapinzani wanaanza kurusha mipira juu. Hewani hakuna anayekushinda katika ligi hii, hata huyo wa Haji."

"Yaani niwe mwavuli. Nikae pembeni mpaka mvua inyeshe."

"Mwavuli mzuri," alisema Mavluda. "Kula sasa."

Kesho yake asubuhi Tulqin alikwenda mwenyewe kwa Kocha Ergash akavua kitambaa cha unahodha na kukiweka mezani. Kocha akamrudishia. Alimwambia kitambaa ni cha kuongoza watu, na anayeongoza akiwa benchi naye anaongoza. Maneno mengi hivyo kwa Ergash yalikuwa kama hotuba.

Haji alikubali kwa masharti. "Mechi tatu," alisema. "Zikiharibika, namleta mrefu wangu, na sitaki kumsikia mtu."

Wiki tatu zile zilikuwa za kelele. Tulqin alimsimamisha Doniyor katikati ya uwanja na kumwamuru ataje kwa sauti majina ya kila mtu katika ukoo wake. Kijana anaona haya, wenzake wanaanguka kwa kicheko. "Sisikii! Mjomba wako anaitwa nani? Huyo mjomba yuko Fergana, mwite asikie!" Kufikia wiki ya pili Doniyor alikuwa anawafokea hata waliomzidi miaka kumi. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni na tepu, goti nimelifunga, nikipima mwanya kila zoezi: kumi na tisa, kumi na sita, kumi na mbili. Sobir naye alimtoa kipa kwenye mstari wake, akamfundisha kucheza kwa miguu, akawa anatembea kambini kama ndiye aliyeanzisha wazo lote. Tulimwachia.

Mechi ya kwanza, ugenini Qarshi, tulifungwa mbili kwa moja, na bao la pili lilikuwa mpira mrefu wa nyuma yetu, kama kocha alivyotabiri. Sobir alisahau mara moja kwamba wazo lilikuwa lake. "Watano! Niliwaambia watano!" Haji alinipigia simu tukiwa bado ndani ya basi.

"Binti, unaona?"

"Naona, Haji. Waliingia kwenye ule mwanya mara nne tu. Mechi ya Andijan waliingia mara kumi na tisa. Nipe mbili zilizobaki."

"Huna wasiwasi?"

"Sina." Na kweli sikuwa nao. Nilikuwa nimeona Doniyor alivyopanda, na kwamba waliochelewa ni wengine, na kwamba kuchelewa kwenyewe kulikuwa kwa nusu hatua. Nusu hatua inarekebishika.

Mechi ya pili tulitoka suluhu, bila goli. Nyavu zetu hazikutikisika kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na mpishi wa kambi alilia.

Ya tatu ilikuwa nyumbani, dhidi ya vinara wa ligi kutoka Tashkent, pamoja na yule yule kijana aliyempita Tulqin mwaka jana. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda miforosadi ya nje. Kocha Ergash aliniambia nikae benchi, kiti cha mwisho. Sikuwa nimewahi.

Tulifunga dakika ya hamsini na moja. Kuanzia hapo wakaja wote. Doniyor alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na safu ilipanda na kushuka kama pazia linalovutwa na mkono mmoja. Dakika ya sabini na mbili wakaanza kurusha mipira juu. Kocha akanitazama. Nikatikisa kichwa: ndiyo.

Tulqin akaingia, na uwanja ukasimama. Watatu nyuma sasa, yeye katikati, Doniyor ubavuni. Mpira wa kwanza wa juu akaupiga kichwa ukaenda mpaka nusu ya wapinzani. Wa pili hivyo hivyo. Watu wanaimba jina lake.

Dakika ya themanini na nne kiungo wao alipata mpira na kuinua macho. Yule kijana wa Tashkent akaanza kuchomoka upande wa Tulqin. Nikauona mkono wa kulia wa Tulqin ukianza kupanda. Nilisimama bila kujua nimesimama.

"Shusha mkono, kaka!" Ilikuwa sauti ya Doniyor, sauti mbovu iliyokauka, lakini hata benchi tuliisikia. "Panda! Panda nami!"

Kijana wa miaka ishirini alikuwa anamwamuru mtu ambaye mji mzima ulimwamkia kwa heshima. Tulqin angeweza kurudi. Miguu yake yote ilitaka kurudi, nilimwona mwili ulivyoyumba. Akashusha mkono. Akapiga hatua mbili mbele, kwenye kile alichokiogopa mwaka mzima, huku yule kijana akimpita kwa kasi kuelekea langoni na mpira ukipita juu ya kichwa chake. Aliufunga, ndiyo. Akakimbia kushangilia. Lakini mshika kibendera alikuwa amesimama wima, bendera juu, na kijana alikuwa ameotea kwa mita nzima.

Sobir alinibusu kichwani. Aliomba radhi papo hapo, akambusu na mpishi.

Tulishinda moja kwa bila. Kwenye korido ya kubadilishia nguo Haji Qobil alikuwa analia na kucheka, anamweleza mwandishi wa habari jinsi yeye mwenyewe, kwa kiatu hiki hiki, alivyowahi kumnyang'anya mpira mchezaji wa timu ya taifa. Hakumtaja yule mrefu tena, na mrefu huyo alisajiliwa kwingine.

Mechi kumi na tatu za nusu ya pili tulifungwa magoli kumi na moja. Tulimaliza wa sita. Tulqin aliingia mechi tisa katika hizo, kila mara dakika za mwisho, na mwezi wa kumi na moja akatundika viatu mwenyewe, kwa siku aliyoichagua, akiwa amekaa juu ya mabega ya Doniyor na wenzake. Sasa anafundisha vijana wa klabu, na kwao kukifika saa ya chakula anatoa mfano wa safu kwa mikate mpaka Mavluda anamfukuza mezani.

Mimi Kocha Ergash aliniita ofisini wiki ya mwisho. Hakunikaribisha hata kukaa.

"Msimu ujao safu ya ulinzi ni yako," alisema. "Jumatatu saa mbili. Usichelewe."

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa uwanjani, filimbi shingoni. Mabeki saba walikuja wakipiga miayo, wakakaa kwenye nyasi, wakanitazama waone nitaanza na nini.

"Msimu uliopita tumefungwa magoli manne kutokana na mipira ya kurushwa," nikawaambia. "Ninayo maoni yangu. Sitayasema. Anzeni nyinyi: kosa liko wapi?"

Doniyor akasema winga harudi. Beki wa kulia akamrukia kwamba winga anarudi, ila yeye Doniyor ndiye anayesimama karibu mno. Wa tatu akasema wote wawili hawajui kitu. Baada ya dakika moja walikuwa wamesimama, wanafokeana, wanasukumana kuonyeshana nani alikuwa wapi. Nikavuta ndoo ya mipira, nikaigeuza, nikakaa juu yake kuwasikiliza.